Gari Kuukuu: Tulitengeneze au Tulibadilishe?



Kurasa hizi zimezoea kuzungumza juu ya mishahara, mikataba na usalama kazini. Safari hii twazungumza juu ya jambo linaloanza baada ya mshahara kulipwa. Wafanyakazi wengi wa viwandani na wa mashamba makubwa, wakipata kiinua mgongo, mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, au fedha waliyodunduliza kwa miaka mingi, hununua gari. Wachache hulitumia kwa safari za jamaa tu. Walio wengi hulitia kazini: kubeba samaki, mihogo, mkaa, saruji na mizigo ya sokoni. Gari hilo huwa ndilo shamba lao na ndilo pensheni yao.

Gari nalo huzeeka kama mwenyewe. Siku moja fundi hufuta mikono, hutaja bei, na mwenye gari hubaki na swali: nilitengeneze hili, au niliuze nitafute jingine? Jibu likikosewa, akiba ya miaka ishirini huweza kuliwa kwa miezi michache. Kwa hiyo swali hili linamhusu mfanyakazi kama linavyomhusu swali la nyongeza ya mshahara, na yafaa lijibiwe kwa hesabu.

KWA NINI NCHELENGE

Tumechagua kueleza habari hii kwa mfano wa Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula, Zambia, kando ya Ziwa Mweru. Ziwa hili liko mpakani mwa Zambia na Kongo. Mto Luapula huingia upande wa kusini, na maji hutoka upande wa kaskazini, karibu na Pweto, kwa mto Luvua. Ng'ambo, katika miji ya Kilwa na Pweto, watu husema Kiswahili. Upande wa Zambia husemwa Kibemba na lugha nyingine za Luapula, lakini katika soko la Kashikishi Kiswahili husikika kwa ajili ya biashara ya ziwani. Tena tangu mwaka 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yenye maelfu ya ndugu zetu waliotoka Kongo.

Mahali hapa gari hufanya kazi ngumu. Samaki wabichi, samaki wakavu na dagaa waitwao chisense hupakiwa Kashikishi, wakapelekwa Mwense, Mansa na hata miji ya migodi ya Copperbelt. Kutoka Nchelenge mpaka Mansa peke yake ni zaidi ya kilomita 200. Wafanyakazi wa shamba la chai la Kawambwa, wakishuka kwenda ziwani, hupita mteremko wa kutoka uwandani hadi Mbereshi. Ukielekea kaskazini, Chiengi, njia kwa miaka mingi imekuwa ya udongo na changarawe. Mwenye mkonge Tanga au mwenye chai Kericho atayaona mambo hayo hayo kwake. Abadilishe majina ya mahali tu.

ZAMANI HAPAKUWA NA LA KUCHAGUA

Wazee wanakumbuka kwamba zamani swali hili halikuulizwa. Bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1975, Zambia ilipungukiwa na fedha za kigeni. Livingstone palikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari ya Fiat, lakini sehemu nyingi za magari zilitoka ng'ambo, na ng'ambo walitaka dola. Gari likiharibika lilitengenezwa, kwa kuwa hapakuwa na jingine. Spea ilitolewa katika gari lililokufa ikatiwa katika gari lililo hai.

Huko Cuba mambo yalikwenda hivyo hivyo kwa sababu nyingine. Marekani iliwawekea vikwazo vya biashara mwaka 1962. Magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yakaendelea kutengenezwa, mengi yakatiwa injini za nchi nyingine, na mengine yangali barabarani hadi leo. Hapo twapata funzo la kwanza: gari haliuawi na miaka. Gari ni mkusanyiko wa sehemu, na karibu kila sehemu yake huweza kubadilishwa, ikiwa spea ipo, fundi yupo na fedha ipo.

Hali ya Zambia ilibadilika baada ya mwaka 1991, biashara ilipofunguliwa na udhibiti wa fedha za kigeni ukalegezwa. Magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi, mengine kwa njia ya Durban, mengine kwa bandari ya Dar es Salaam na kupitia Tunduma na Nakonde. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wa magari yao unatufaa. Tangu hapo mfanyakazi amekuwa na jambo la kuchagua, na tangu hapo ameweza pia kuchagua vibaya.

HILO JIPYA NALO NI KUUKUU

Sasa tuseme neno ambalo ndilo kiini cha habari hii. Mfanyakazi anaposema "nitanunua gari jipya", aghalabu hana maana ya gari lililotoka kiwandani. Ana maana ya gari la Japani lenye umri wa miaka kumi au zaidi, lililooshwa, likapigwa rangi na kuwekewa zulia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Uganda, tangu mwaka 2018, hairuhusu lililozidi miaka 15. Sheria hizo zimewekwa kwa sababu magari tunayoletewa ni mazee.

Basi mtu anayebadilisha gari hubadilisha uzee mmoja kwa uzee mwingine. Lile la kwanza anazijua tabia zake: anajua ni lini lilitiwa klachi, anajua linakunywa oili kiasi gani, anajua mlio wake wa asubuhi. La pili halijui. Mita yake ya kilomita huenda imerudishwa nyuma. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na wakasema tena kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hizo mbili yafaa zibandikwe ukutani mwa kila gereji.

Hatusemi kwamba kutengeneza ni bora siku zote. Twasema kwamba anayetaka kubadilisha ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, na ushahidi wenyewe hupatikana chini ya gari na ndani ya daftari.

KWANZA, TAZAMA CHINI

Watu wengi huanza kuuliza habari za injini. Twashauri uanze na chasisi, yaani ule uti wa mgongo wa gari unaobeba bodi, injini na magurudumu. Injini huweza kufunguliwa ikatengenezwa, au ikatolewa ikatiwa nyingine. Chasisi iliyooza hairudi ikawa kama ilivyokuwa.

Kando ya ziwa kuna adui wa pekee wa chasisi. Maji ya Mweru ni matamu, hayana chumvi, lakini maji yanayotiririka kutoka katika masanduku ya samaki na barafu hukaa katika pembe za bodi siku nzima, na wakiwa ni samaki wa chumvi, chuma huliwa haraka zaidi. Mwenye gari hufagia juu, akaona pamekauka, kumbe chini panaoza. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa mahali zinaposhikwa springi na chini ya sakafu ya mizigo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hulia kwa sauti nzito, na bisibisi huzama. Kitundu kimoja mahali pasipobeba uzito huchomelewa. Ikiwa bisibisi imezama mahali pa springi, pande zote mbili, au chasisi imewahi kupasuka ikaungwa zaidi ya mara moja, usitie injini ya bei kubwa katika gari hilo.

Pili, tazama moshi na oili. Moshi wa buluu maana yake injini inachoma oili, na aghalabu ni ringi za pistoni au mipira ya valvu. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Mara nyingine dawa yake ni kubadilisha chujio la hewa tu. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikiisha kupata moto waweza kuwa ni maji yanayoingia katika silinda. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili. Usiliwashe tena mpaka fundi afungue. Gari linalochemsha halina maana kwamba injini imekufa: laweza kuwa na rejeta iliyoziba, mpira uliopasuka au pampu ya maji iliyochoka. Lakini linaloendeshwa huku likichemsha hujiua lenyewe, na kazi ya bei ndogo hugeuka kuwa kazi ya bei kubwa.

Tatu, mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda, akuandikie tarakimu zake. Silinda zikikaribiana, injini ingali na maisha. Ikiwa moja imeanguka mbali na wenzake, hapo pana ugonjwa wa mahali pamoja, na waweza kutibika bila kubadilisha injini nzima. Fundi anayesema "injini imekwisha" bila kupima, hajakueleza kitu bado.

Nne, breki na usukani. Haya hayamo katika hesabu ya kutengeneza au kutotengeneza. Gari lisiloshika breki, au lenye bolijointi zilizolegea, halitoki, hata kama mzigo unaoza. Mteremko wa Mbereshi haumngoji mtu alipwe kwanza. Na tusisahau Aprili 2005, karibu na Kawambwa, lori lililobeba wanafunzi waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo lilipopinduka, na zaidi ya 30 wakafa. Gari la mizigo halikuundwa kubeba watu, liwe jipya au kuukuu. Wenzetu wanaokaa juu ya magunia kwa kuwa nauli ni rahisi, nao ni wafanyakazi.

PILI, FUNGUA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bila kuandika, mwenye gari hukumbuka maumivu ya bei ya juzi na kusahau faida ya mwaka mzima. Au kinyume chake, hukumbuka safari nzuri moja na kusahau ndoo za oili. Tuchukue mfano. Tarakimu zilizo hapa chini ni za mfano tu; msomaji aziondoe aweke zake.

Tuseme mfanyakazi ana pikapu. Akiisha kutoa mafuta na malipo ya dereva, hubakiwa na kwacha 6,000 kwa mwezi katika miezi tisa ya samaki, na kwacha 2,000 katika miezi mitatu ya uhaba. Kwa mwaka ni kwacha 60,000. Ana akiba ya kwacha 45,000. Gari linatoa moshi wa buluu, lakini chasisi ni nzima. Kodi na bima tuziache, kwa kuwa atalipa kwa gari lolote.

Njia ya kwanza ni kutengeneza. Injini itamgharimu 28,000, matairi 8,000, matengenezo ya kawaida 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000. Gari likikaa gereji mwezi mmoja wa uhaba, atakosa 2,000. Jumla ya mwaka wa kwanza ni 50,000. Mwaka wa pili tuseme 12,000 za kawaida na 10,000 za dharura, jumla 22,000. Kwa miaka miwili ametoa 72,000 na kupata 120,000. Ukiongeza akiba yake, mwisho ana 93,000 mkononi, na pikapu kuukuu ambayo tuseme yauzika kwa 25,000. Jumla ya mali yake ni 118,000.

Njia ya pili ni kubadilisha. Anauza la zamani 25,000, ananunua la Japani ambalo, pamoja na usafiri, ushuru na usajili, limefika 150,000. Zimebaki 125,000. Anatoa akiba yake yote 45,000 na kukopa 80,000, anazolipa 4,500 kila mwezi kwa miezi 24 pamoja na riba. Kwa mwaka ni 54,000. Matengenezo ni madogo, 500 kwa mwezi, yaani 6,000. Jumla ni 60,000, sawasawa na mapato yake yote. Mwisho wa miaka miwili hana deni, hana fedha, ana gari ambalo tuseme lina thamani ya 100,000.

Tofauti ya 118,000 na 100,000 si kubwa sana. Tofauti kubwa imo njiani. Yule wa kwanza, mtoto akiugua akapelekwa Hospitali ya St Paul's pale Kashikishi, ana kitu mfukoni. Yule wa pili kwa miezi 24 hana hata ngwee ya dharura, na katika miezi ya uhaba anapata 2,000 huku akidaiwa 4,500. Pengo la 2,500 kila mwezi atalijaza kwa nini? Hapo ndipo gari huchukuliwa na mwenye deni, nalo jipya bado.

Lakini hesabu hiyo hiyo huweza kugeuka. Tuseme mwaka wa pili pikapu ile iliyotengenezwa imevunja giaboksi: 20,000 za spea na fundi, na miezi miwili ya samaki imepotea, 12,000 nyingine. Mali yake inashuka toka 118,000 mpaka 86,000. Sasa yule aliyebadilisha ndiye aliyefanya vema. Kwa hiyo usiulize injini peke yake. Uliza ni sehemu gani kubwa inayofuata kufa. Ikiwa injini, giaboksi na difu vyote vinalia kwa mara moja, kutengeneza kimoja ni kuanza safari ya gharama isiyo na kituo.

FEDHA ILIYOKWISHA TUMIKA HAIRUDI

Kuna hoja moja inayowapoteza watu wengi. Mtu husema: "Mwaka jana nilitia 20,000 katika gari hili, siwezi kuliacha sasa." Fedha hiyo imekwenda, ukilitengeneza imekwenda, ukiliuza imekwenda. Linalofaa kupimwa ni la mbele tu: kuanzia leo, miezi 12 ijayo, gari hili litakula nini na litaleta nini, na lile jingine litakula nini na litaleta nini. Kadhalika usipime bei ya matengenezo kwa thamani ya gari. Kutia 28,000 katika gari la 25,000 kwaonekana ni wazimu, lakini ikiwa 28,000 hizo zinazaa kazi ya miaka miwili, na badala yake ni kutafuta 125,000, si wazimu hata kidogo.

Siku za kukaa bure nazo ni gharama, ingawa hakuna anayekuandikia risiti. Samaki hawangoji. Mteja aliyekukosa mara mbili humpata mwingine, wala harudi.

KALENDA YA ZIWA

Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Miezi hiyo ni ya mvua pia, na barabara za udongo hulainika. Mapato ya magari ya samaki hushuka. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya gereji ipangwe Desemba au Januari, wakati kukaa bure hakuumizi sana. Katika mfano wetu, kazi ya mwezi mmoja ikifanyika Januari hupoteza 2,000. Ikifanyika Mei hupoteza 6,000. Anayengoja gari lianguke lenyewe huwa amekubali lichague siku, nalo gari huchagua siku ya mzigo mzuri.

Kwa sababu hiyo hiyo, usianze mkopo wa gari mwezi Novemba. Marejesho ya kwanza yatakukuta ziwa limefungwa. Ikiwa mwajiri au benki inakubali, omba marejesho madogo katika miezi ya kufungwa na makubwa katika miezi ya samaki. Jambo hili halmashauri ya tawi yaweza kulizungumza kwa niaba ya wanachama wote, maana mtu mmoja husikilizwa kidogo.

SPEA ZIKO WAPI?

Gari la watu wengi lina jamaa. Gari la peke yake ni yatima. Kabla hujapenda umbo la gari, zunguka Kashikishi na Mansa uhesabu ni magari mangapi ya aina hiyo yanayofanya kazi, na uulize bei ya vitu vitano: klachi, pampu ya maji, bolijointi, viatu vya breki na shokomzoba. Ikiwa kila kimoja lazima kiagizwe Ndola au Kitwe, jua kwamba kila ubovu mdogo utakuwa na siku za kungoja na nauli ya basi. Pikapu kuukuu ya Toyota ambayo kila fundi anaijua yaweza kuwa mali bora kuliko gari zuri ambalo fundi wa kwanza kulifungua atakuwa anajifunzia kwako.

Kumbuka pia kwamba spea hununuliwa kwa kwacha lakini bei yake huzaliwa kwa dola. Mwaka 2015 kwacha iliposhuka sana, bei za spea na za magari zilipanda pamoja. Mwenye gari kuukuu aliumia kwa kipande. Mwenye kutaka kubadilisha aliumia kwa gari zima.

LINI KUBADILISHA NI HAKI

Tusije tukaeleweka vibaya. Liache gari la zamani ikiwa moja kati ya haya ni kweli: chasisi imeoza mahali panapobeba uzito, sehemu kubwa mbili au zaidi zinakufa pamoja, spea hazipatikani tena ila katika magari mafu, au siku za kukaa bure zimekula wateja. Jambo la tano ni kazi yenyewe kubadilika. Mtu aliyekuwa akibeba magunia matano sasa ana mzigo wa tani tatu. Kumtengenezea pikapu ni kuitwisha punda mzigo wa ngamia.

Ukiisha kuamua kubadilisha, lipia fundi wako mwenyewe alikague gari kabla hujatoa fedha, kwa nyundo na bisibisi zile zile. Hesabu bei iliyofika mlangoni kwako, siyo ile iliyoandikwa kwenye picha: usafiri, ushuru wa forodha, kodi ya moshi inayopimwa kwa ukubwa wa injini, usajili, mafuta ya njiani na matairi. Ukinunua kwa mtu, linganisha namba ya chasisi na kitabu cha gari, na upate uthibitisho wa polisi kwamba si la wizi. Baki na fedha ya matengenezo ya miezi mitatu. Anayetoa senti ya mwisho kununua gari amenunua pambo.

KIINUA MGONGO KISIENDE GEREJI CHOTE

Mwaka 2023 sheria ya pensheni ya taifa ya Zambia ilirekebishwa, na wanachama wa mfuko wa NAPSA waliotimiza masharti wakaruhusiwa kuchukua asilimia 20 ya akiba yao kabla ya kustaafu. Ruhusa hiyo ni nafuu kwa mwenye shida. Lakini fedha hiyo ni ya uzeeni. Ikichukuliwa leo, kesho haipo. Kuitia katika gari bila kupima chasisi na bila daftari ni kuupa usukani uzee wako.

Njia iliyo salama ni gari lenyewe lijilipie uzee wake. Kila mwezi toa fungu moja la kumi la mapato, uliweke mbali na fedha ya nyumbani. Kwa pikapu ya mfano wetu ni 600 katika miezi tisa na 200 katika miezi mitatu, yaani 6,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 24,000, karibu ya kazi nzima ya injini, bila kukopa kwa mtu. Oili ibadilishwe kwa wakati wake, bodi ioshwe kwa maji safi kila baada ya mzigo wa samaki, chini na juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na palipo na wanachama kumi wenye magari, pana nguvu ya kununua oili na chujio kwa jumla, ya kukubaliana na fundi mmoja kwa bei moja, na ya kuazimana gari la kubebea mgonjwa au maiti wakati la mwenzetu liko gereji. Hayo hayahitaji sheria mpya wala msaada wa mtu. Yahitaji mkutano mmoja wa tawi, daftari moja, na katibu anayeandika kweli.

Mkutano ujao, ndugu, njooni na madaftari yenu. Asiye na daftari aje na risiti, na asiye na risiti aje na kalamu, aanze siku hiyo.